Chaza Wasiohesabiwa Hawalipwi

Mwishoni mwa Juni 2021, joto kali liliikumba pwani ya Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, katika kipindi cha bamvua. Maji yalikupwa sana, tena mchana, na chaza, kome na kombe wakabaki juani saa nyingi. Wengi waliiva wangali ndani ya magamba yao. Chaza huchukua miaka kadhaa hadi kufika sokoni, kwa hiyo aliyepoteza mavuno ya mwaka huo alipoteza na ya miaka iliyofuata.

Je, serikali hulipa? Hulipa, ila wengi huidhani fidia hii kuwa rambirambi, inayokuja msiba ukishatokea. Sivyo. Kwa mazao yasiyopata bima ya kawaida ya kilimo, mara nyingi wakiwemo chaza wa kufugwa, Wizara ya Kilimo ya Marekani ina mpango uitwao NAP. Mkulima hujiandikisha mapema na kulipa ada ya dola 325 kwa zao. Wanaoanza kilimo na wenye kipato kidogo husamehewa. Anayekwenda ofisini baada ya dhoruba amechelewa.

Tena chaza wenyewe lazima wawe ndani ya vikapu vya waya, nyavu au kizuizi kama hicho. Aliyetawanya mbegu wazi kwenye sakafu ya bahari, ufugaji wa tangu zamani, hukwama hapo. Kwangu sharti hili linamfaa karani kuliko bahari, ingawa naelewa lilikotoka: nani atathibitisha kilichokuwa chini ya maji?

Sasa tupige hesabu ya mfano. Mfugaji ana chaza wa thamani ya dola 50,000. Baada ya janga wamebaki wa dola 10,000. Kinga ya msingi ya NAP huangalia nusu tu ya thamani ya awali, yaani dola 25,000. Toa zile 10,000, zinabaki 15,000, nazo hulipwa kwa asilimia 55. Mkononi: dola 8,250, kwa hasara ya 40,000. Angechagua kinga ya juu kabisa, ya asilimia 65 kwa bei kamili, angepata 22,500, lakini angelipa mchango wa bima juu ya ada.

Hesabu hiyo yote inasimama juu ya idadi ya chaza mara tu kabla ya janga. Ndiyo maana stakabadhi za mbegu na daftari la vifo vina thamani kubwa. Taarifa ya hasara nayo ina siku 15 tangu janga litokee au hasara ionekane, na chaza aliyekufa chini ya maji haonekani upesi.

Wavuvi wa chaza wa asili wana njia nyingine, ndefu zaidi. Mwaka 2019 lango la Bonnet Carré, linalopunguza maji ya mto Mississippi ili New Orleans isifurike, lilifunguliwa mara mbili, jumla ya siku 123. Maji ya mto yasiyo na chumvi yaliingia baharini na kuua chaza wengi wa jimbo la Mississippi. Hapo gavana huomba, Wizara ya Biashara hutangaza janga la uvuvi, Bunge hutenga fedha, kisha jimbo huandika mpango wa matumizi. Miaka inaweza kupita. Sehemu ya fedha huenda kurejesha miamba ya chaza, na fungu la wavuvi kwa kawaida hugawanywa kwa kufuata leseni na rekodi za mauzo, hivyo aliyekuwa akiuzia majirani bila risiti huambulia kidogo au hapati kitu.