Nguvu za farasi si kipimo pekee cha gari la kasi

Wapenzi wa magari ya kasi katika kaunti za Kitui na Makueni, kama wenzao kwingineko, hupenda kulipima gari kwa idadi ya farasi. Kipimo hicho kilibuniwa katika karne ya 18 na James Watt, aliyetaka kuwaeleza wateja uwezo wa injini zake za mvuke. Kwa hesabu ya sasa, farasi mmoja ni nguvu ya kuinua kilo 75 kwa mita moja katika sekunde moja.

Idadi hiyo huonyesha kilele cha injini, na kilele hicho hufikiwa kwa nadra. Kwenye kona za milima ya Mbooni, gari ambalo nguvu zake hutimia injini inapozunguka mara 6,500 kwa dakika huachwa na lile linalovuta kwa dhati kuanzia mizunguko 2,500. Uzito nao una neno lake. Gari la tani 1.4 lenye farasi 280 lina farasi 200 kwa kila tani. La tani 2.2 lenye farasi 350 halifikishi hata 160.

Zaidi ya hayo, takwimu zenyewe huweza kudanganya. Kuanzia 1989 hadi 2004, watengenezaji wa Japani walikubaliana kutotangaza gari lenye zaidi ya farasi 280 nchini mwao. Nissan Skyline GT-R iliandikiwa idadi hiyo, ilhali injini yake ilitoa zaidi.

Mashindano ya Safari Rally yalilithibitisha jambo hili zamani. Mwaka wa 1974, Joginder Singh alishinda kwa Mitsubishi Colt Lancer ya lita 1.6, akiipiku Porsche 911 ya Björn Waldegård yenye injini ya lita 2.7. Mwaka wa 1993, Patrick Njiru alimaliza wa 12 kwa Subaru Vivio ya sentimita za ujazo 660 tu, injini ambayo wengi wangeidhania ya pikipiki. Njia mbovu zilitaka gari jepesi, imara, lenye magurudumu yanayoshika ardhi. Mchangani, farasi wa ziada huzungusha tairi pale pale.

Kwenye lami ndefu, kama ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo, nguvu hizo bila shaka hufaa. Hapo ndipo breki huwa jambo la uhai. Kasi ikipanda kutoka kilomita 80 hadi 160 kwa saa, breki hulazimika kumeza nishati mara nne, na umbali wa kusimama huongezeka kwa kadiri hiyo hiyo. Anayeongeza msukumo wa turbo huku akibaki na breki na tairi za kiwandani atautambua upungufu huo kati ya Emali na Mtito Andei, lori linapotokea mbele yake akiwa katikati ya kulipita jingine.