Jiwe la Mbozi Lipo Palepale

Sogeeni karibu, wapwa zangu. Mmoja wenu ana swali, na swali zuri haliwekwi kiporo.

"Mjomba, bibi anasema alizaliwa Mbozi, Tanganyika. Mama anasema Mbozi iko mkoa wa Mbeya. Ramani ya shule inasema mkoa wa Songwe. Kwenye mti wa ukoo niandike nini? Nani amekosea?"

Hongera sana, mwanangu! Wakubwa wengi hujaza tu na kupita. Wewe umesimama ukauliza. Basi tumuulize shahidi ambaye hajawahi kuondoka Mbozi. Yule pale, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Mweusi, mzito, kimya. Leo atasema.

"Mimi ni kimondo," lasema jiwe. "Nilianguka kutoka angani zamani za kale. Karibu mwili wangu wote ni chuma, na uzito wangu unapita tani 10. Wajerumani walikuja, wakaiita nchi hii Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mimi nipo palepale. Wakaja Waingereza, wakaiita Tanganyika. Nipo palepale. Mwaka 1961 ukaja Uhuru. Mwaka 1964 ukaja Muungano na Zanzibar. Mbozi ikawa mkoa wa Mbeya, kisha mwaka 2016 Mbeya ikamegwa, nikajikuta Songwe. Nami nipo palepale! Sijasogea hata shubiri moja."

Mmesikia? Hakuna aliyekosea. Mahali ni palepale, ila majina yanayopazunguka hubadilika.

"Sasa kompyuta ninayoandikia mti wa ukoo itajuaje jina lipi litumike, mjomba?"

Nenda jikoni ukatazame masufuria ya mama. Dogo limekaa ndani ya kubwa, na kubwa ndani ya kubwa zaidi. Kijiji kimo ndani ya kata, kata ndani ya wilaya, wilaya ndani ya mkoa, mkoa ndani ya nchi. Programu nzuri ya nasaba huhifadhi mahali hivyohivyo. Iko moja iitwayo Gramps, na haiuzwi, ni ya bure. Humo unaiandika Mbozi mara moja tu. Kisha unaieleza programu: hadi 2016 Mbozi ilikuwa ndani ya Mbeya, kuanzia hapo imo ndani ya Songwe. Na nchi nayo unaipa majina yake, kila jina na miaka yake.

Kazi inayobaki inafanywa na tarehe ya kuzaliwa. Bibi, wa mwaka 1958, anasomeka Tanganyika. Mama, wa mwaka 1985, anasomeka Mbozi, Mbeya, Tanzania. Mdogo wako wa mwaka 2018 anasomeka Mbozi, Songwe, Tanzania. Watu watatu, mahali pamoja, na kila mmoja amepewa haki yake. Mimi napenda sana jambo hili. Bibi hakuzaliwa Songwe, na asiandikiwe Songwe.

"Lakini mjomba, kisanduku cha mti ni kidogo! Maneno yote hayo hayaenei."

Kweli kabisa, jicho lako kali. Ndiyo maana kuhifadhi ni kazi moja na kuonyesha ni kazi nyingine. Ndani unahifadhi ngazi zote. Kwenye mchoro wa mti unaiambia programu ionyeshe kijiji na wilaya tu. Kwenye kitabu cha ukoo unaonyesha zote, hadi nchi. Unaweza hata kugeuza mpangilio. Sisi huanza na padogo, lakini Wajapani, kwenye anwani zao, huanza na pakubwa. Na ngazi usiyoijua? Programu iiruke kimya, isiache koma mbili zimefuatana katikati ya mstari. Zile koma mbili huniudhi, maana msomaji hubaki akijiuliza kilichofutwa ni nini.

"Na anwani ya mjomba wa Arusha? Nayo ni mahali?"

Hapana, tuzitenganishe. Mahali ni pale jambo lilipotokea: kuzaliwa, kuoana, kuzikwa. Anwani ni pale barua inapomfikia mtu, na mtu huhama. Programu nyingi zimeweka nafasi ya namba ya nyumba na mtaa, kisha postikodi. Kwetu wengi barua huzipata kwa S.L.P. Basi andika S.L.P. kwenye mstari wa mtaa, na nafasi zilizobaki tupu zisionekane kwenye karatasi. Tena mjomba wa Arusha yu hai. Weka alama ya faragha kwenye anwani yake, ili ukiwachapishia watu mti uiambie programu iiache.

"Na bibi mwingine akisema hakumbuki mwaka aliozaliwa?"

Muulize kama alizaliwa kabla ya Uhuru. Akisema ndiyo, andika "kabla ya 9 Desemba 1961", yaani siku ya Uhuru. Programu inaielewa tarehe ya namna hiyo, na jina la Tanganyika litatokea lenyewe.