Meza, Komwe na Mto: Zana za Mwendeshaji wa Mchezo wa Wahusika Bondeni Rufiji

Mchezo wa wahusika ni mchezo wa kukaa mezani au jamvini ambao watu wachache, kwa kawaida watatu hadi sita, huucheza kwa maneno: kila mmoja hujivika nafsi ya mtu wa kubuni na kuamua mtu huyo atende nini katika mkasa unaoendelea, huku mmoja wao, ambaye katika makala haya ataitwa mwendeshaji, akieleza mahali wahusika walipo, akiwasemea watu wengine wote wanaokutana nao, na kutamka matokeo ya kila tendo kwa kufuata kanuni zilizokubaliwa tangu mwanzo. Unatofautiana na tamthilia kwa kuwa hakuna aliyeandika mazungumzo wala mwisho wa kisa, na unatofautiana na bao kwa kuwa hakuna mchezaji anayemfunga mwenzake. Wote hufaulu au huharibikiwa pamoja, na kinachowaweka kitako kwa saa kadhaa ni hamu ya kujua uamuzi wao utazaa nini. Kwa sababu hiyo zana za mwendeshaji, yaani vitu na maandalizi yanayomsaidia kuongoza meza, hupimwa kwa kigezo kimoja kuliko vingine vyote: je, zinawapa wachezaji sababu ya kuamua, au zinawaamulia?

Mchezo wa aina hii ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974 nchini Marekani, pale Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu katika kisanduku kimoja, baada ya miaka mingi ya michezo ya vita ya mezani ambayo chimbuko lake ni mafunzo ya maofisa wa jeshi la Prussia mnamo 1824. Afrika Mashariki umewahi pia kuingia kwa mlango mwingine kabisa, mlango wa maji. Kati ya mwaka 2011 na 2014, chini ya mradi ulioitwa AfroMaison, wakulima na viongozi wa eneo la Rwenzori, magharibi mwa Uganda, walikaa mezani kucheza mchezo uliotungwa kwa ajili ya bonde la mto Mpanga, kwa kutumia seti ya zana iitwayo Wat-A-Game, iliyobuniwa na watafiti wa Montpellier, Ufaransa, ambamo gololi husimama badala ya maji na kadi husimama badala ya mashamba na shughuli za watu. Anayelima juu ya mto huchagua atakavyo, na anayekaa chini hupokea yaliyobaki. Hakuna hotuba inayohitajika kumweleza mtu jambo hilo akiwa ameketi mahali pa mwenzake na bakuli lake halina gololi.

Ni vigumu kupata mahali panapofaa zana hizo kuliko bonde la chini la Rufiji. Nyamwage ipo kusini mwa mto, kando ya barabara kuu iendayo Lindi, pale njia ya Utete inapochepuka kuelekea makao makuu ya Wilaya ya Rufiji; upande wa pili wa mto iko Kibiti, na chini yake delta yenye mikoko, visiwa na mashamba ya mpunga. Mazungumzo ya vibarazani hapa yanahusu mambo yaleyale ambayo mwendeshaji wa kwingine hulazimika kuyatunga: mto unaobadili njia, wanyama wanaoingia shambani, wageni wanaoshuka kwenye basi na kuuliza njia.

Zana ya kwanza, na ambayo waandishi wengi wa vitabu vya mchezo huu huikosa kwa kukimbilia kanuni, ni maelezo ya mahali. Hayapaswi kuwa historia ndefu ya kusomewa wachezaji. Yanapaswa kuwa orodha fupi ya watu wanaotaka vitu visivyoweza kupatikana vyote kwa pamoja. Chukua dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ambamo familia za Rufiji hukaa shambani kulinda mazao na kuepa maji. Chukua pia mlau, kilimo cha kupanda mahindi, kunde na mboga katika unyevu unaoachwa na mafuriko yanapopungua. Kutokana na mambo hayo mawili tu mwendeshaji anapata familia iliyogawanyika: nusu ibaki dunguni kwa sababu mahindi yanakaribia kukomaa, nusu irudi kijijini kwa sababu watoto wana shule, na mtumbwi ni mmoja.

Kutoka hapo huzaliwa zana ya pili, jedwali la matukio, yaani orodha yenye namba ambayo mwendeshaji huitazama anapohitaji jambo lisilotarajiwa litokee. Majedwali mengi yanayouzwa ni dhaifu kwa kuwa yanarundika hatari bila kuziunganisha: mara simba, mara mamba, mara mvua. Uhalisia wa Rufiji unafundisha namna bora zaidi. Utafiti ulioongozwa na Craig Packer, uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature, ulionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania, kwamba Rufiji ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoathirika zaidi, na kwamba mashambulizi yalizidi msimu wa mavuno. Sababu yake ina mnyororo unaoeleweka: nguruwe mwitu hufuata mazao, watu hulala shambani ili kuwafukuza nguruwe, na simba, wakiwa hawana mawindo mengine mengi, huwafuata nguruwe na kuwakuta watu. Jedwali lililoandikwa kwa kufuata mnyororo huo halimtupi simba juu ya meza ghafla. Huanza na nyayo za nguruwe kwenye tope, kisha mahindi yaliyovunjwa, kisha ukimya wa mbwa wa jirani, na kila hatua huwaachia wachezaji nafasi ya kutenda kabla ya inayofuata. Mchezaji anayesikia habari za nguruwe na kuamua kupandisha ngazi ya dungu mapema amecheza vizuri, na anastahili kuuona usiku ukipita salama.

Bahati nayo ina zana zake. Dadu ndiyo inayojulikana zaidi, na hesabu yake ni rahisi: dadu mbili za pande sita zinaweza kuanguka kwa namna 36, kati ya hizo sita hutoa jumla ya saba, na sita hutoa jumla ya kumi au zaidi, hivyo mwendeshaji anayesema kwamba hatari itatokea kwa kumi au zaidi ametoa nafasi moja katika sita. Lakini katika jamii yenye Waislamu wengi kama ya Rufiji, dadu huhusishwa na kamari, na wanazuoni wengi hukataza au kuchukia michezo yake hata pasipo fedha. Ni heshima na busara kutoiweka mezani pale inapomkwaza mtu. Mbadala wake uko katika kila nyumba yenye ubao wa bao. Komwe tano za kawaida na moja iliyopakwa rangi, zikiwekwa ndani ya mfuko wa kitambaa, hutoa nafasi ileile ya moja katika sita kwa mkono wa kwanza. Kisha linatokea jambo ambalo dadu haiwezi: komwe iliyotolewa isiporudishwa, nafasi ya kuitoa ile ya rangi huwa moja katika tano, halafu moja katika nne, mpaka meza nzima inajua kwamba hatari imesogea bila mwendeshaji kusema neno. Kwa usiku wa dunguni, au kwa mtumbwi unaovuka mto wenye viboko mara kadhaa, mfuko wa komwe ni zana bora kuliko dadu za thamani yoyote. Pale ambapo hata kura ya namna hiyo haitakiwi, ipo michezo isiyotumia bahati kabisa, na mfano wake wa kale ni Amber wa mwaka 1991, ambao matokeo huamuliwa kwa kulinganisha uwezo wa wahusika na hali waliyomo.

Kwa jambo linalokuja polepole, John Harper, mtunzi wa Blades in the Dark wa mwaka 2017, ameeneza zana nyepesi mno: duara lililochorwa kwenye karatasi na kukatwa vipande vinne, sita au vinane, ambavyo hupakwa rangi kimoja kimoja kila jambo linapopiga hatua, na duara likijaa jambo hutokea. Mafuriko ya Rufiji yanaingia katika duara hilo kana kwamba lilibuniwa kwa ajili yake, kwa kuwa maji yanayofika Nyamwage hayaanzii Nyamwage: yananyesha mbali, yanakusanywa na Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, na tangu Desemba 2022, bwawa la Mwalimu Nyerere lilipoanza kujazwa, hupita pia kwenye milango ya bwawa. Mwendeshaji anaweza kupaka kipande cha kwanza mvua inapoanza Kilombero, cha pili abiria wa basi anapoleta habari, cha tatu maji yanapobadilika rangi, na kadhalika. Wachezaji wakiwa wanaliona duara, swali la nani ahame na nani abaki haliwezi kuahirishwa. Walioshuhudia mafuriko ya Aprili 2024 Rufiji na Kibiti hawahitaji kuelezwa uzito wa swali hilo.

Kuhusu vitabu vya kanuni, habari njema ni kwamba vingi havina gharama. Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast iliweka kanuni za msingi za Dungeons & Dragons chini ya leseni huria ya Creative Commons, inayomruhusu mtu yeyote kuzinakili, kuzibadili na kuzitafsiri, hata kwa biashara, ilimradi ataje zilikotoka; tafsiri ya Kiswahili, kwa hiyo, haihitaji kibali cha mtu. Hata hivyo kanuni hizo ni mamia ya kurasa, na sehemu kubwa inahusu mapigano, ambayo si kiini cha maisha ya dunguni. Mchezo wa ukurasa mmoja, kama Lasers & Feelings wa Harper huyohuyo, humfaa zaidi anayeanza: mhusika ana namba moja tu, wachezaji huelewa kanuni kwa dakika chache, na karatasi ya mhusika, yaani karatasi ambayo kila mchezaji huandika jina, kazi, uwezo na mali ya mhusika wake, inatosha kwenye nusu ukurasa wa daftari.

Historia ya mahali nayo ni hazina, ila inahitaji mkono mwangalifu. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika mikono ya delta hadi ilipoangamizwa Julai 1915 kwa mizinga ya Severn na Mersey, meli za kina kifupi zilizoletwa mahsusi kwa kazi hiyo. Waandishi wa Ulaya hukisimulia kisa hicho kama pambano la manahodha. Mwendeshaji wa Kibiti afanye kinyume: wachezaji wawe wavuvi, wakata mikoko na wabeba mizigo ambao pande zote mbili zinawataka wawe watambuzi wa njia za maji, kwa kuwa hapo ndipo palipo na uamuzi. Mwisho wa meli unajulikana tayari na hauna haja ya kuguswa. Mwisho wa mvuvi haujulikani.

Uangalifu huo unahitaji zana yake. Kabla ya mchezo wenyewe hufanyika kikao cha maafikiano, ambamo wachezaji husema wanataka kisa cha namna gani na mambo gani yasiguswe, na katikati ya meza huwekwa kadi yenye alama ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos, ambayo mchezaji yeyote anaweza kuigusa ili jambo lililotajwa liondolewe mara moja bila kuulizwa sababu. Kwingine kadi hiyo huonekana kama adabu ya ziada. Katika eneo ambalo mwaka 2016 na 2017 lilipoteza viongozi wa vijiji na askari polisi kwa mauaji, na ambalo karibu kila ukoo una mtu aliyechukuliwa na mto au mnyama, kadi hiyo ni sharti. Hata tukio la zaidi ya karne moja, kama kunyongwa kwa Kinjikitile Ngwale huko Mohoro Agosti 1905, mwanzoni mwa Vita vya Maji Maji, lina wazao wake, na wazee waulizwe kwanza kabla halijafanywa mchezo.

Simu ina nafasi ndogo katika haya yote. Mitandao kama Roll20 huwawezesha walio mbali kucheza pamoja, lakini inadai intaneti ya kudumu. Kwa meza ya Nyamwage simu hutosha kwa picha ya ramani na ujumbe wa kukumbushana siku. Chenye faida zaidi ni daftari la mwendeshaji, lenye majina ya watu waliotajwa, madeni yaliyoachwa, na hali ya kila duara. Katika kurasa za mwisho za daftari hilo huandikwa mjadala wa baada ya mchezo, pale wachezaji wanapovua nafsi za wahusika wao na kuulizana kwa nini aliyekuwa na mtumbwi hakumpa jirani, na kama shambani, maji yakija kweli, wangefanya vivyo hivyo.