Nani Amlipie Mwanagenzi? Utangulizi wa Somo la Fedha na Mipango ya Ujuzi

Tuanze na karakana ya samani, mfano wa zile za Keko, Dar es Salaam. Tuseme ina wafanyakazi 20 walioajiriwa rasmi, kila mmoja mshahara wake shilingi 600,000. Mwezi ukiisha, mhasibu anajumlisha: milioni 12. Ifikapo tarehe 7 anatakiwa awe amepeleka Mamlaka ya Mapato, TRA, kodi ya mishahara, na pamoja nayo kitu kinachoitwa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo wahasibu wote wanaiita SDL. Kwa kiwango kilichoanza Julai 2023, asilimia 3.5, tozo hiyo ni shilingi 420,000. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Tajiri ndiye anayeitoa, juu ya mshahara aliokwisha kulipa.

Karibu katika somo hili. Wanaolijia kwa mara ya kwanza hudhani watasomeshwa sera, na sera zipo, tena za kutosha kujaza kabati. Mimi huwaomba wazifuate kwanza hizo laki nne na ishirini.

Swali la awali ni kwa nini serikali izichukue. Yule seremala akimwingiza kijana kazini, atampa miaka miwili ya kuharibu mbao kabla hajajua kupiga randa vizuri. Siku anapoanza kutoa kabati la kuuzika, jirani wa mtaa wa pili anamwongezea elfu hamsini na kumchukua. Aliyefundisha amebaki na vumbi la mbao. Wachumi wa zamani walihitimisha kwamba kila mwajiri atasubiri mwenzake afundishe, na mwishowe hatafundisha yeyote. Hapo ndipo serikali inapoingia: wote wachangie, wote wafaidike.

Mchumi Gary Becker hakuikubali hoja hiyo kirahisi. Katika kitabu chake cha 1964 kuhusu rasilimali watu alitenganisha ujuzi unaofaa mahali pamoja tu na ule unaofaa popote. Huo wa pili, alisema, mwajiri hana sababu ya kuugharamia. Mwanafunzi mwenyewe ndiye atakayeulipia, kwa kukubali ujira mdogo wakati anajifunza. Wanafunzi wangu huiona nadharia hii ngumu mpaka niwapeleke gereji. Yule kijana aliyelala chini ya gari, anayepewa nauli na chakula cha mchana, Becker anamjua vizuri sana. Asichokipa uzito wa kutosha, kwa maoni yangu, ni kijana ambaye hata nauli ya kufika gereji hana, na benki haimkopeshi kwa dhamana ya ufundi ambao bado haujaingia mikononi.

Nchi zimejibu kwa namna nyingi. Ufaransa ilianza kutoza kodi ya uanagenzi 1925. Brazil iliunda SENAI, taasisi ya mafunzo ya ufundi wa viwandani, mwaka 1942 na kuwaachia wenye viwanda wenyewe waiendeshe, jambo ambalo bado linastahili kuchunguzwa. Afrika Kusini inatoza asilimia moja ya mishahara. Kenya imechagua njia ya mkato: shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, awe meneja au mfagizi.

Tanzania ilikuwa na sheria ya mafunzo ya ufundi tangu 1974, lakini mfumo tunaoujua leo ulizaliwa na sheria ya 1994, iliyoanzisha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na tozo yake ya asilimia mbili. Baadaye tozo ikabadilishwa jina na kupandishwa hadi asilimia sita, kisha ikaanza kuteremka: tano mwaka 2013, nne na nusu mwaka 2016, na kuendelea hadi hiyo tuliyoitumia Keko. Mwaka 2021 waajiri wenye wafanyakazi chini ya kumi waliondolewa. Zamani mpaka ulikuwa wanne. Chama cha Waajiri kimelalamika kwa miaka mingi kwamba kiwango chetu ni kikubwa kuliko cha majirani, na kweli ni kikubwa.

Lakini ugomvi wa kiwango umefunika ugomvi mwingine, ambao mimi nauona mzito zaidi. Kwa miaka mingi, mgawanyo wa tozo umekuwa theluthi moja kwa VETA na theluthi mbili kwa Hazina, ambazo zimetumika kugharamia mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Rudi kwa mhasibu wetu: katika 420,000 zake, 140,000 zinakwenda kwenye vyuo vya ufundi, na 280,000 zinamsaidia kijana wa chuo kikuu kupata bumu, yaani fedha zake za kujikimu. Siipingi mikopo, ningekuwa mtu wa ajabu kuipinga huku nikiishi kwa kuwafundisha wanaolipiwa nayo. Ninachosema ni kwamba mwenye karakana alitozwa kwa jina la ujuzi, na ana haki ya kuuliza seremala wake yuko wapi.

Nusu ya pili ya somo letu ni mipango, na hapa historia inafundisha kuliko nadharia. Mpango wa kwanza wa miaka mitano wa 1964 uliweka lengo kwamba ifikapo 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu. Wakati huo wapangaji walihesabu wahandisi na madaktari kama mtu anavyohesabu matofali ya nyumba ambayo ramani yake tayari anayo. Mwaka uliofuata, 1965, mtafiti wa elimu Philip Foster, akiandika kuhusu Ghana, alitoa makala ambayo kila mgeni wa somo hili lazima aisome. Vijana, alisema, hawakimbii shule za ufundi kwa ujinga. Wameangalia mishahara ya makarani, wakapiga hesabu, na hesabu yao ni sahihi. Tangu 2024 shule zetu za sekondari zimeanza mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi. Ningependa kumsikia Foster akiuuliza maswali.

Mipango huanguka pia kwa mambo madogo. Niliwahi kutembelea chuo kimoja, ambacho sitakitaja, nikaonyeshwa mashine mpya ya kukereza chuma. Ilikuwa imefunikwa turubai, na juu ya turubai mtu ameanika koti. Ilihitaji umeme wa njia tatu. Chuo kilikuwa na wa njia moja. Bajeti ya mashine ilikuwa na kifungu chake na ya umeme ilisubiri mwaka mwingine wa fedha. Mwalimu alikuwa akichora mashine ileile ubaoni, hatua sita kutoka ilipo, na alichora vizuri.

Jambo la mwisho nitakalokuonyesha ni urasimishaji wa ujuzi, yaani kumpima na kumpa cheti fundi aliyejifunzia mtaani. Nilikuwapo wakati fundi magari mmoja wa miaka mingi akipimwa. Mtathmini aliwasha injini iliyokuwa ikigonga na kumwambia atafute tatizo. Yeye alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, akaisogeza mara tatu, akataja kilicholegea. Mtathmini akageuza fomu, akaigeuza tena, akitafuta pa kuandika alichokiona.

Alifaulu. Gereji yake ina watu sita, kwa hiyo haitoi SDL, na katika vitabu vya tozo haimo. Vijana aliokwisha kuwafundisha aliwahesabu kwa vidole mpaka vidole vikamwishia. Ada ya kupimwa aliilipa mwenyewe, kwa mafungu mawili.