Pikapu Kongwe na Mikono Iliyoibadilisha: Utangulizi

Kuchunguza pikapu kongwe zilizobadilishwa ni taaluma ambayo wengi wetu tuliipokea gerejini kabla ya kuikuta vitabuni. Anayeingia kwa mara ya kwanza hukimbilia kufungua boneti, nami namwomba asubiri kidogo. Chukua Land Rover 109 iliyotoka kiwandani Solihull, Uingereza, ikiwa na injini ya petroli. Leo inakwenda kwa dizeli ya Nissan, ina rejeta ya lori dogo, tairi pana, na springi zilizoongezwa vyuma ili ibebe matofali. Ndani yake mna kazi ya wahandisi wa nchi mbili au tatu ambao hawakuwahi kushauriana, na katikati yao amesimama fundi aliyewaunganisha. Kila kifaa kikipimwa peke yake chaweza kuonekana kizima. Ugonjwa hukaa kwenye maungio, na huko ndiko uchunguzi wetu unakoelekea tangu mwanzo.

Inafaa kujua gari hili lilizaliwaje. Land Rover ilionyeshwa kwa umma Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgawo, na Maurice Wilks wa kampuni ya Rover akatumia aloi ya alumini kwa bodi, juu ya chesesi ya chuma. Uamuzi huo wa wakati wa dhiki uliipa Land Rover umri mrefu, na ukaipa pia maradhi yake ya kudumu. Series II ilikuja 1958, IIA 1961, na Series III ikaanza 1971 hadi 1985. Namba 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, karibu sentimita 277. Injini iliyozoeleka ilikuwa na sentimita za ujazo 2,286, ya petroli au ya dizeli. Injini hizo zilipochoka, mafundi wa Gerezani, Arusha na Nairobi walitazama kilichopo sokoni, na kilichopo kilikuwa cha Kijapani. Mabadiliko hayo nayaheshimu kama uhandisi kamili. Mtu alipima, akakata, akachomelea, na gari likaendelea kupeleka maziwa mjini.

Kwa hiyo tunaanza kwa maswali. Injini ilibadilishwa lini, na kwa sababu gani? Giaboksi ni ya asili au ilikuja na injini? Namba iliyopigwa kwenye bloku inafanana na ile ya kwenye kadi ya gari? Mwenye gari asipojua, gari lenyewe hujibu: mabano yaliyochomelewa upya, matundu ya bolti yasiyo na kazi, waya wa rangi ngeni katikati ya waya za zamani. Andika yote kwenye daftari, ukitenganisha cha kiwandani na cha gerejini. Kila mahali ambapo viwili hivyo vinagusana, weka alama.

Baada ya hapo ingia chini ya gari, maana chesesi, breki na usukani hutangulia injini. Injini ikifa gari husimama. Breki zikifa gari halisimami. Alumini inapogusana na chuma penye unyevu wa chumvi, huzaliwa umeme mdogo unaoila alumini taratibu, na magari yaliyoishi Tanga, Mombasa au Unguja huonyesha hilo kwa unga mweupe kuzunguka riveti. Chesesi nayo huoza kutoka ndani, hasa boriti ya mwisho kule nyuma, kwa kuwa tope hujikusanya humo. Igonge kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti iliyokufa. Kisha kagua vishikizo vya injini. Injini ngeni haikai kwenye vishikizo vya zamani, hivyo lazima pawe na mabano ya kuchomelea, na ufa hupenda kuanzia pale weldi inapoishia.

Breki ndizo zinazofundisha vizuri kuliko mahali pengine popote kwenye gari hili. Busta ya breki hufanya kazi kwa tofauti ya presha: upande mmoja hewa ya kawaida, upande wa pili ombwe. Injini ya petroli hutoa ombwe hilo bure, kwa sababu klapu ya kabureta huibana hewa inayoingia. Dizeli nyingi hazina klapu. Huvuta hewa yote zinayoitaka, na nguvu yake hurekebishwa kwa kiasi cha mafuta tu. Wajapani walilijua hilo, wakaweka pampu ya ombwe, mara nyingi nyuma ya alteneta, ikilainishwa na oili ya injini. Sasa tazama kinachotokea. Alteneta inaungua, mwenye gari ananunua ya bei nafuu isiyo na pampu, umeme unarudi, kila mtu anafurahi. Wiki ileile pedali ya breki inakuwa ngumu. Fundi wa pili, ambaye hakuambiwa habari ya alteneta, anabadilisha pampu kuu ya breki, anatoa hewa kwenye mfumo, anafungua magurudumu yote manne. Hakosi ujuzi. Anatafuta kwenye breki kosa lililofanyika kwenye umeme.

Kipimo chenyewe hakigharimu senti. Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, iendelee kukanyagwa huku ukiwasha injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, ama ombwe halifiki, ama busta imepasuka, na pampu kuu haijashtakiwa bado.

Umeme una mitego ya namna hiyohiyo. Series II, na IIA za miaka ya mwanzo, zilifungwa chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Anayeweka alteneta bila kugeuza mpangilio huo huchoma dayodi zake papo hapo. Mtego wa pili hauonekani kwa macho. Injini imekaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Kinachoiunganisha na chesesi ni mkanda mnene wa shaba, ambao husahaulika sana injini inapobadilishwa. Stata ikidai mamia ya ampea, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi: kebo ya akselereta, au beringi za giaboksi. Kebo inapata moto, stata inazunguka kivivu, na lawama inapewa betri. Weka mita kati ya bloku ya injini na hasi ya betri, kisha mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, njia ya kurudi ina kasoro, hata kama betri imetulia kwenye volti 12.6.

Geji ya joto nayo isiaminiwe kabla ya kuhojiwa. Sensa ya Nissan haikutengenezwa kwa ajili ya geji ya Land Rover. Upinzani wake ni tofauti, na mshale unaweza kukaa katikati wakati silinda hedi inakaribia kupinda. Tumbukiza sensa kwenye maji yanayochemka, ikiwa imeunganishwa na geji na mwili wake umefungwa waya wa hasi, utie alama pale mshale unapofikia. Tangu siku hiyo geji inakuambia ukweli.

Springi zilizonyanyuliwa hubadilisha pembe ya propela. Krosi zake zikipinda digrii 20 bila pembe za ncha mbili kulingana, mwendo hupanda na kushuka kwa karibu asilimia sita, mara mbili kila mzunguko. Mtetemo huo mara nyingi husingiziwa tairi.

Nina ombi moja kuhusu utaratibu, nalo nalisisitiza kwa sababu gharama yake huangukia watu wasio na fedha za kupoteza. Badilisha kitu kimoja, pima, andika, ndipo uende kwenye kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na gari likapona, hujajua dawa ilikuwa ipi, na mwenye gari amelipia mbili asizozihitaji.

Pikapu ikishapita haya yote, iendeshe kilomita chache kwenye barabara tulivu, kisha iache ipunguze mwendo yenyewe hadi isimame. Sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kugusa. Ringi yenye joto kuliko mwenzake wa ekseli ileile inakuelekeza kwenye breki inayoshika au beringi iliyokazwa kupita kiasi. Piga jeki upande huo, uzungushe tairi kwa mkono. Likizunguka kwa shida, legeza kirekebishi cha breki kidogo kidogo. Likibaki zito hata breki zikiwa zimeachia kabisa, fungua beringi.