Nywele za Mwezi wa Tatu

Anayejiandaa kwa sajari ya kupunguza mwili huambiwa mengi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Ataambiwa afunge muda gani, kidonda kitakauka lini, siku za mwanzo anywe vya majimaji tu. Kuna jambo moja ambalo ama husahaulika, ama hutajwa harakaharaka wakati mtu mwenyewe ana hofu ya kisu na hasikii tena kinachosemwa. Jambo hilo ni kwamba kuanzia mwezi wa tatu hivi nywele zake zinaweza kudondoka kwa wingi, na kwamba zitarudi.

Ninaliandika kwa ajili ya watu wa Njisi na ukanda wetu wote wa Kyela, tangu mpakani Kasumulu hadi Matema, kwa sababu huku mtu akikonda na nywele zikamdondoka, jirani hamuulizi kama amefanyiwa upasuaji. Anakuwa na jibu lake tayari.

Jibu hilo lina historia. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta mkoa wa Mbeya, ambamo Kyela imo, ukiwa na asilimia 9.3 ya watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI, nyuma ya Njombe na Iringa tu. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijaenea, familia nyingi zilimuuguza mtu aliyekonda, mwenye nywele zilizokuwa nyepesi na laini kama za mtoto mchanga, kisha zikamzika. Macho yaliyoona hayo hayasahau. Kwa hiyo binti anayeshuka basi Kyela mjini akiwa amepungua kilo 30, kichwa kimefungwa kitambaa na nywele za mbele zimepukutika, huwa ameshahukumiwa kabla hajafika nyumbani kwa shangazi. Wengine watasema virusi, wengine watasema kuna mkono wa mtu. Na yeye mwenyewe, akiwa chooni peke yake na kichana mkononi, huanza kuwaza kama kweli wenzake wamekosea.

Nasema wazi kwamba hofu hiyo ya pili, ya mwenye kichwa mwenyewe, ndiyo inayoumiza zaidi, na ndiyo rahisi kuizuia. Inazuiwa kwa tarehe.

Tuanze na mwili unavyofanya kazi. Kichwa cha binadamu kina nywele kama 100,000. Hazikui zote kwa pamoja. Kwa mtu mwenye afya, karibu 85 hadi 90 katika kila 100 ziko katika awamu ya kukua, inayodumu miaka kadhaa, na zilizobaki zimepumzika kwa muda wa miezi mitatu hivi kabla ya kuanguka. Ndiyo maana kila mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku bila kujua. Mwili ukipata mshtuko mkubwa, kama upasuaji, homa kali, kujifungua au kupungua uzito kwa kasi, hubana matumizi. Moyo, ubongo na kidonda kinachopona hupewa kwanza; nywele zinaweza kusubiri. Nywele nyingi zilizokuwa zikikua husimama kwa pamoja na kuingia mapumzikoni. Hazidondoki siku hiyo. Zinakaa kichwani kama kawaida, miezi miwili, mitatu, hata minne, kisha zinaachia kwa kundi moja.

Daktari wa ngozi wa Marekani, Albert Kligman, aliieleza hali hii kitaalamu mwaka 1961, lakini akina mama waliozaa walikuwa wakiijua zamani sana kwa vichwa vyao. Mtoto akifika miezi mitatu au minne, nywele za mama hujaa kwenye kichana. Saa ni ileile. Hata malaria kali, ambayo katika bonde letu la joto la mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari ni mgeni wa kila msimu, huweza kumletea mtu upukutikaji huohuo, naye asiunganishe kamwe homa ya Aprili na nywele za Julai.

Huo mwachano wa miezi ndio unaodanganya watu. Kufikia mwezi wa tatu baada ya sajari mtu anajiona amepona. Kidonda kimefunga, viatu havibani, kupanda mlima hakumtoi pumzi. Nywele zikianza kudondoka hapo, anatafuta sababu ya juzi: shampuu mpya, maji ya kisima, msusi aliyebana sana, au jirani asiyempenda. Sababu ni ya miezi mitatu nyuma, na haimo katika hizo.

Chukua unywele mmoja ulioanguka uutazame kwenye mwanga. Ukiona kincha cheupe kidogo upande wa chini, usidhani mzizi umeng'oka. Huo ni unywele uliomaliza mapumziko yake. Mzizi umebaki ndani ya ngozi, hai, na mara nyingi una unywele mpya unaosukuma kutoka chini. Sisi wenye migomba tunalielewa hili bila darasa: ukikata mgomba uliozaa, shina bado liko ardhini na chipukizi limeshaanza safari.

Kwa wengi upukutikaji huendelea miezi mitatu hadi sita, kisha hupungua wenyewe. Unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo mtu asitazamie kuona kichwa kilichojaa kabla ya mwaka mmoja na zaidi tangu upasuaji. Dalili ya kwanza ya kurudi ni vinywele vifupi vilivyosimama kwenye paji la uso, visivyolala kwa mafuta ya aina yoyote.

Kyela hakuna anayefanya upasuaji huu. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza mwaka 2022 kuwawekea watu puto tumboni ili washibe mapema, na mwanamuziki Peter Msechu alipowekewa lake hakuficha, alilizungumza hadharani. Puto huingizwa kwa mdomo bila kisu, lakini kupungua kwa kasi ni kulekule na nywele huweza kufuata. Upasuaji wenyewe una namna mbili kuu. Moja ni kukata na kuondoa karibu robo tatu ya tumbo, au zaidi kidogo, ukabaki mfuko mwembamba unaochukua mililita 100 hadi 150 hivi. Nyingine ni kutengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo kwa mbele zaidi, chakula kikaruka sehemu ya mwanzo ya utumbo, ambako madini ya chuma hufyonzwa zaidi. Wengine huenda India, na ndugu zetu walioko ng'ambo hufanyiwa hukohuko. Kisha wanarudi nyumbani, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, na kliniki ya marudio inabaki kuwa namba ya simu.

Hapa ndipo chakula chetu kinapoingia, na hapa nataka kukaa kidogo.

Upukutikaji wa miezi ya mwanzo hauzuiliki kwa asilimia mia, lakini njaa ya protini huuzidisha na kuurefusha. Wataalamu wa lishe huwataka waliofanyiwa upasuaji huu wale protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, wengine zaidi. Sahani ya Kyela haikupangwa hivyo. Kwetu wali ndio mwenye sahani, mchele wetu una sifa nchi nzima, na samaki huja kuusindikiza. Kikombe cha wali uliopikwa kina protini gramu nne tu au zaidi kidogo. Kwa tumbo la mililita 150, mtu akianza na wali amekwisha. Samaki hatapata nafasi. Lazima mpangilio ugeuzwe: samaki kwanza, wali mwisho, na wali ukibaki usilazimishwe.

Bahati yetu ni ziwa. Gramu 100 za usipa wakavu, hao dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, zina protini zaidi ya gramu 50, na madini ya chuma na zinki yamo humo. Wakisagwa wakawa unga, kijiko kimoja kwenye uji au mchuzi hufanya kazi kubwa bila kujaza tumbo. Mbasa au magege wa kuchemsha, gramu 100 tu, hutoa gramu 20 na zaidi. Yai moja lina gramu sita, kikombe cha maziwa gramu nane. Maharage yaliyopondwa yanasaidia, karanga zilizosagwa pia, ingawa karanga zina mafuta mengi na zinahitaji kiasi. Unga wa protini wa kopo unaouzwa mijini kwa bei ya mfuko wa mchele si lazima kwa anayeishi kando ya ziwa hili.

Shida kubwa ni upendo wa ndugu. Bibi akimwona mjukuu amekonda hatauliza gramu za protini. Atapika ndizi, atapakua wali mlima, atasema kula mwanangu, umeisha. Kukataa sahani ya bibi ni jambo zito, na wengi hula ili kumridhisha kisha wanatapika nyuma ya nyumba. Ni afadhali mtu mmoja katika familia, shangazi au dada mkubwa, aelezwe yote mapema, ili yeye ndiye awe mdomo wa mgonjwa jikoni na kwenye misiba.

Kutapika kwenyewe ni jambo la hatari kuliko nywele zote. Aliyepunguzwa tumbo akitapika kwa siku nyingi mfululizo, hasa huku akiishi kwa uji na wali mweupe uliokobolewa, anaweza kuishiwa vitamini B1. Miguu ikianza kufa ganzi, macho kuona maluweluwe, au akaanza kuchanganyikiwa na kuyumba, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Mwambieni daktari waziwazi kwamba amefanyiwa upasuaji wa tumbo, maana asipojua atatibu malaria.

Kuhusu vidonge, nitasema machache. Vitamini na madini anayoandikiwa aliyefanyiwa sajari hii ni ya maisha, hayaishii siku anapopendeza. Vidonge vya chuma visimezwe na chai, hata iwe ya Tukuyu ya kwetu, kwa kuwa chai huzuia chuma kufyonzwa. Visimezwe pia pamoja na vidonge vya kalisi, viachane saa mbili. Baiotini, inayosifiwa kila duka la vipodozi, haijaonyesha faida kubwa kwa mtu asiyepungukiwa nayo. Mwaka 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba baiotini nyingi huweza kupotosha majibu ya vipimo vya damu, vikiwemo vya moyo. Zinki nayo ikimezwa kupita kiasi kwa muda mrefu hupunguza shaba mwilini, tatizo jipya juu ya la zamani. Na mafuta ya kupaka, yawe ya nazi au mawese, hulainisha nywele zilizopo. Hayafiki kwenye uamuzi uliofanywa na mwili miezi mitatu iliyopita.

Saluni inaweza kusaidia au kuharibu. Rasta nzito na misuko ya kubana huvuta nywele ambazo zimeshalegea, na pale kwenye kingo za mbele mvuto wa muda mrefu huweza kuua mzizi kabisa, na hapo nywele hazirudi. Hiyo ni hasara ya kudumu juu ya shida ya kupita. Dawa ya kunyoosha isubiri. Kukata fupi, au kunyoa zote, hakuharakishi wala hakucheleweshi chochote, lakini kunampumzisha mtu na kazi ya kuokota nywele kwenye foronya, na zikiota zinaota kwa usawa. Anayeogopa kwamba kichwa kilichonyolewa kitasomwa kama cha mfiwa, kilemba na wigi lisilobana vipo. Wanaume nao hupatwa, tena huumia kimya kwa sababu hakuna anayetarajia mwanamume alie kwa ajili ya nywele.

Si kila upukutikaji ni huu. Huu ninaouzungumzia hupunguza nywele kichwa kizima. Ukiona duara lililo wazi na laini, au mabaka yenye magamba na muwasho, hiyo ni habari nyingine na ina matibabu yake. Upukutikaji ukianza baada ya miezi sita tangu sajari, au ukipita mwaka haujakoma, tafuta upungufu: wingi wa damu, akiba ya chuma, zinki, B12, folati, vitamini D, tezi ya shingo. Safari ya kwanza ni Hospitali ya Wilaya ya Kyela, na rufaa ni Mbeya. Kwa tatizo la ngozi lililoshindikana, KCMC Moshi ina kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992. Na kipimo cha virusi, kwa anayetaka kuituliza nafsi yake, ni cha bure. Kapime kwa ajili yako, usipime ili kuwajibu majirani.

Wanawake wajue jambo moja zaidi. Uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba mara nyingi hupanda, hata kwa aliyehangaika miaka. Madaktari hushauri kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kubeba mimba, mwili utulie kwanza. Na akishajifungua, saa ileile ya miezi mitatu inaweza kulia tena.

Ombi langu la mwisho ni kwa wasusi wa Kasumulu, Njisi na Kyela mjini, kwa sababu ninyi ndio mnaoziona nywele hizi kabla ya daktari yeyote. Mteja akikaa kitini na nywele zikaja na kichana, msianze na jina la mafuta. Mfungieni mlango, mumuulize kwa sauti ya chini: umejifungua lini, umeugua lini, umefanyiwa upasuaji lini? Jibu likiwa miezi miwili hadi minne nyuma, msimsuke kwa kubana, mwambieni ale samaki kabla ya wali, na mumpangie siku ya kurudi baada ya miezi mitatu mumwangalie paji la uso. Jibu likiwa hakuna hata kimoja, mwelekezeni hospitali wiki hiyohiyo.