Erasto: jina la Kigiriki lenye wenyewe Ugogo

Kazini kwetu hapa London kuna Mgiriki mmoja. Juzi wakati wa chai simu yangu iliita, akaona jina kwenye kioo: Erasto. Akauliza ni nani huyo. Nikamwambia ni mpwa wangu, yuko Mvumi, Dodoma. Akabaki ameduwaa. Jina ni la kwao, lakini tangu azaliwe hajakutana na Mgiriki anayeitwa hivyo.

Kwetu akina Erasto si wengi kama akina Petro na Yohana, ila hakuna anayeshtuka akilisikia. Asili yake ni Erastos, yaani "mpendwa", kutoka mzizi mmoja na eros, mapenzi. Kiswahili hakikuona haja ya ile s ya mwisho, ikadondoka kama ilivyodondoka kwa Petro, Marko na Tito.

Ugogo, huko Dodoma, jina hili lilifika na Biblia. Wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walifika Mpwapwa mwaka 1876, kwenye njia ya misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji. Baadaye ikawa desturi: jina la ubatizo mbele, la Kigogo nyuma. Ndiyo maana tuna majina ya wanasiasa kama Job Lusinde na John Malecela.

Job ni Ayubu na John ni Yohana, na wote wana vitabu vyao katika Biblia. Erasto utamkuta kwenye zile salamu za mwisho ambazo wengi tunaziruka. Katika Warumi 16:23, Paulo anafikisha salamu za Erasto, mtunza hazina wa mji. Mji wenyewe ni Korintho, na huko mwaka 1929 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta maandishi ya Kilatini kwenye sakafu ya mawe: Erasto aliitandaza kwa fedha zake mwenyewe, kwa sababu ya cheo alichopewa. Kama ni yuleyule wa Paulo, wataalamu wanabishana hadi leo.

Erasto mwingine aliyevuka mipaka ni Mtanzania. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Akaambiwa amechanganyikiwa. Hakunyamaza. Mwaka 1969 yeye na mwanafizikia Denis Osborne wakachapisha matokeo, na wanasayansi wakaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Jioni nilimpigia mpwa wangu, nikamsimulia yote. Akacheka: "Kumbe mjomba, mimi ni mtu wa Hazina!" Hakukosea sana. Dodoma ni jiji tangu 2018, na Wizara ya Fedha iko hukohuko.

Nawe uliye ughaibuni, mwanao akiulizwa shuleni maana ya jina lake, asijibu tu kwamba ni la Biblia. Mpe habari zake angali mdogo.